Steringi ya gari la zamani baada ya kubadilisha reshio: dalili, sababu na tiba

Malindi bado ina magari ya zamani yanayofanya kazi kila siku: Mercedes za W123, Peugeot 504, Land Rover Series III, Land Cruiser za miaka ya 1980. Wenyewe hawataki kuyaacha, na mimi niko upande wao. Taabu ni kwamba usukani wa magari haya uliundwa kwa barabara na tairi za enzi zake. Ukiingiza Land Rover kwenye njia nyembamba za Shela huku tuktuk ziko mbele na nyuma, utazungusha mikono mpaka mabega yaume. Ndipo mwenye gari hutafuta boksi la steringi, lile kasha la gia linalogeuza tairi, lenye reshio ya haraka zaidi (mizunguko michache ya usukani), likafungwa, na baada ya siku chache akarudi gereji na malalamiko ambayo zamani hakuwa nayo.

Malalamiko hayo yanafanana mno. Na mara nyingi boksi jipya halina kosa. Reshio ikibadilika, pampu, alaimenti (mpangilio wa pembe za tairi), tairi na viungo vyote vya mbele vinatwikwa kazi mpya, na kimoja kati ya hivyo ndicho kilichoshindwa. Kwa hiyo usikimbilie kulifungua boksi. Tafuta dalili yako hapa chini, anza na sababu ya kwanza, na usiruke hatua rahisi kwa kuwa inaonekana ndogo.

Kabla ya dalili yoyote, pima

Reshio ya steringi ni nyuzi ngapi usukani uzunguke ili tairi ligeuke nyuzi moja. Reshio ya 16:1 maana yake unazungusha usukani nyuzi 16, tairi linageuka nyuzi 1. Namba ikiwa ndogo, steringi ni ya haraka. Ikiwa kubwa, ni ya polepole lakini nyepesi zaidi mkononi. Chukua gari ambalo tairi zake hutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia kwa nyuzi 70 hivi: kwa 24:1 utazungusha usukani karibu mara 4.7, kwa 20:1 karibu mara 3.9, na kwa 16:1 karibu mara 3.1. Magari mengi ya zamani yasiyo na pawa (msaada wa pampu ya oili kwenye usukani) yako juu ya 20, na mengi yenye pawa yako kati ya 14 na 18.

Watu wengi hubadilisha boksi bila kujua walikuwa na reshio gani, kisha hawawezi kusema wamepata nini. Kipimo hakihitaji mashine. Weka gari kwenye sakafu ya saruji, tairi zikitazama mbele. Bandika kipande cha tepu juu kabisa ya usukani. Egemeza ubao ulionyooka kwenye ubavu wa tairi la kulia, chora mstari wa chaki sakafuni. Zungusha usukani mzunguko mmoja kamili mpaka tepu irudi juu, egemeza ubao tena, chora mstari wa pili. Kama mistari haikutani, irefushe hadi ikutane. Sasa pima pembe kati yake kwa kipimapembe cha mtoto wa shule, halafu gawanya 360 kwa pembe uliyoipata. Pembe ya nyuzi 20 ni reshio ya 18:1. Pembe ya nyuzi 24 ni 15:1. Rudia kwenye tairi la kushoto, maana tairi la ndani ya kona hugeuka zaidi kuliko la nje, kisha chukua wastani. Ikiwa tairi zimeng'ang'ania sakafu, ziwekee vipande viwili vya plastiki vyenye grisi katikati.

Yako maboksi ambayo reshio yake hubadilika kadiri unavyogeuza, taratibu katikati na haraka pembeni. Cadillac walianza kuyafunga kwenye magari yao mwaka 1965. Ukiwa na boksi la namna hiyo, pima kwa robo mzunguko, kisha kwa mzunguko mzima, na uandike namba zote mbili.

Jua pia ni wapi reshio yako ilipobadilishwa. Boksi la gololi, lile lenye gololi za chuma ndani yake, linaweza kubadilishwa lote. Gari la reki, kama Peugeot 504, hubadilishiwa reki (upau wenye meno) pamoja na pinioni yake, ile gia ndogo inayouvuta. Wengine hufunga dropamu ndefu zaidi, ule mkono unaotoka chini ya boksi kwenda kwenye tairodi (fito zinazogeuza magurudumu), na steringi ikawa ya haraka boksi likiwa lile lile. Wengine huufupisha mkono wa gurudumu unaoshika tairodi. Mimi napendelea boksi zima la familia ile ile ya gari, kwa sababu kila kitu kingine kinabaki mahali pake. Dropamu ndefu ni rahisi kwa bei, lakini inaongeza mzigo kwenye shafti ya boksi na mara nyingi inaharibu pembe ya tairodi. Kuhusu mikono ya magurudumu, neno ni moja: kukata, kuchemsha kwa moto, kupinda au kuchomelea kipande chochote cha steringi ni mwiko. Chuma kilichopashwa moto hupoteza ugumu wake, na kikivunjika huna tena usukani.

Gari linatapatapa, halishiki mstari

Hili ndilo lalamiko la kwanza kabisa. Mjini gari ni zuri, lakini likishika barabara ya kwenda Gede na kasi ikipanda, dereva anahisi kila pumzi yake inaligeuza gari.

Anza na tairi. Fundi mmoja wa hapa aliletewa Benzi iliyofungwa boksi la haraka siku chache nyuma. Hakuinama hata kutazama chini.

"Ami, tairi hizi umezitia upepo lini?"

"Mwezi wa Ramadhani, mwanangu. Lakini mimi nimeleta usukani, sikuleta tairi."

Tairi mbili za mbele zilikuwa na upepo tofauti. Steringi ya polepole ilikuwa ikilificha kosa hilo. Ile ya haraka ililitoa nje. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kiwango cha kitabu cha gari au cha kibandiko cha mlangoni, na hakikisha za mbele zinalingana.

Kisha tazama usukani wenyewe. Wengi huwa wameshatoa usukani wa asili wenye upana wa sentimita 40 hivi na kuweka mdogo wa spoti wa sentimita 35. Mkono ukisogea sentimita moja ukingoni mwa usukani mdogo, shafti inazunguka zaidi kuliko kwenye ule mkubwa. Ukichanganya na boksi la haraka, umeharakisha steringi kwa njia mbili bila kukusudia. Rudisha usukani wa asili na uliendeshe gari tena kabla ya kugusa kitu kingine.

Sababu ya tatu ni viungo vilivyochoka. Mwombe mtu akae ndani atikise usukani kidogo kushoto na kulia, injini ikiwa imezimwa na tairi ziko chini. Wewe weka kiganja juu ya kila kichwa cha tairodi, kimoja kimoja. Vyuma viwili vinavyotakiwa kwenda pamoja vikipishana hata kidogo, kiganja kitahisi kabla jicho halijaona. Tazama na kile kiungo cha mpira kinachounganisha shafti ya usukani na boksi. Oili ya pawa ikikidondokea huvimba na kulainika, na nyufa zake huonekana ukimulika tochi kutoka chini. Kikiwa hivyo, badilisha. Hakitengenezwi.

Halafu alaimenti, na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Gari lililotoka kiwandani bila pawa mara nyingi liliwekewa kasta ndogo makusudi, ili usukani usiwe mzito. Kasta ni ule mwegamo wa kuelekea nyuma wa mhimili unaogeuza gurudumu, kama uma wa mbele wa baiskeli, na ndio unaolifanya gari litake kwenda moja kwa moja. Ukiweka pawa na reshio ya haraka juu ya kasta ndogo, gari halina kinacholishika. Watengenezaji wengi walitoa vipimo viwili vya kasta kwa modeli moja: cha gari lenye pawa na cha lisilo na pawa. Mwambie fundi wa alaimenti afuate kile cha pawa, na umwambie hivyo waziwazi, kwa sababu yeye anaona gari la zamani na kufungua ukurasa wa zamani. Akague na toe (tairi za mbele zinatazamana ndani au nje), maana tairi zikitazama nje kidogo tu, steringi ya haraka itakuchosha njia nzima.

La mwisho ni kuliweka boksi katikati. Boksi la gololi limetengenezwa hivi kwamba katikati pake pamebana kidogo kuliko pembeni. Ikiwa lilifungwa huku tairi zimenyooka lakini boksi liko pembeni mwa katikati yake, utapata mchezo pale pale usipoutaka. Ondoa tairodi kwenye dropamu, zungusha usukani mwisho hadi mwisho ukihesabu mizunguko, rudi nusu kamili. Hapo ndipo katikati. Tairi zinatakiwa zitazame mbele hapo, na kama hazitazami, rekebisha urefu wa tairodi. Usizungushe usukani tu juu ya shafti yake ili uonekane umenyooka.

Na ile skrubu ya juu ya boksi, inayobana meno ya ndani? Tafadhali iache iwe ya mwisho. Kila mtu hukimbilia kuikaza kwa sababu inafikika kwa urahisi. Ikikazwa kupita kiasi, meno ya ndani hulana na usukani hukwama katikati. Ikibidi, iwe kwa robo mzunguko usiozidi, boksi likiwa katikati, na baada ya yote yaliyotajwa hapo juu.

Usukani ni mwepesi, lakini ukigeuza haraka unakamata

Unaegesha gari sokoni, unageuza polepole, hakuna shida. Unageuza ghafla kukwepa bodaboda, usukani unakuwa mzito kwa nukta moja, kisha unaachia. Watu huogopa dalili hii, na wana haki ya kuogopa.

Hesabu yake ni hii. Chukua gari lililokuwa likizungusha usukani mara 4 mwisho hadi mwisho na sasa linazungusha mara 3. Pistoni ya ndani ya boksi inasafiri umbali ule ule, lakini kwa mizunguko michache. Mikono ikienda kwa kasi ile ile, pistoni inakwenda theluthi moja haraka zaidi, na pampu inatakiwa ilete oili theluthi moja zaidi kila sekunde. Injini ikiwa inaunguruma tu bila kukanyagwa, pampu nayo inazunguka taratibu, na oili haitoshi. Kwa nukta hiyo unageuza gari kwa nguvu zako mwenyewe.

Jaribio la kuthibitisha: gari limesimama, geuza haraka mara chache mpaka likamate. Mwambie mwenzako apandishe injini hadi mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, urudie. Ukamataji ukitoweka, tatizo ni wingi wa oili, sio boksi.

Sababu ya kawaida ni mkanda wa pampu. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea. Mkanda wa zamani uliong'aa pembeni huteleza hata ukiwa umekazwa, na hapa pwani joto la injini huumaliza mapema. Ubadilishe, kisha ukaze upya baada ya siku chache kwa kuwa mpya hunyooka. Inayofuata ni kiwango cha oili, halafu uungurumaji wa injini uliowekwa chini mno ili kubana mafuta. Baada ya hapo chungulia ndani ya mtungi wa oili: pampu kadhaa za Mercedes zina filta humo ndani, na huwa imesahauliwa tangu gari lilipokuwa jipya. Mwisho wa yale unayoweza kufanya nyumbani ni mpira wa kunyonya kati ya mtungi na pampu, pale mtungi unapokaa mbali na pampu. Mpira uliolainika hujibana wenyewe pampu inapovuta kwa nguvu.

Yakiisha haya na dalili ipo, kuna mawili: vali ya pampu inayopima oili imekwama kwa uchafu, au pampu ni ndogo kwa boksi hilo. Hapa ndipo pa kumwita fundi wa haidroliki mwenye geji ya presha. Pampu nyingi za aina hii hutoa bari 70 hadi 100 au zaidi, na jaribio lake hufanywa kwa kufunga njia ya oili kwa sekunde chache tu. Ukizidisha, pampu inaungua. Usikubali mtu aweke washa, kile kiduara cha chuma, chini ya springi ya vali ili kuipandisha presha kwa kubahatisha. Presha sio wingi: unayotafuta ni oili zaidi, na ukiongeza presha badala yake, utapasua hozi na kubomoa sili.

Usukani ni mzito wakati wote

Tairi, mkanda, oili, kwa mpangilio huo. Kisha inua mbele, weka gari juu ya steni, na geuza injini ikiwa imezimwa. Ukiwa mzito hata hapo, kitu kimebana: boljointi kavu zisizo na grisi, shafti ya usukani inayogusa mahali, au ile skrubu ya boksi. Ukiwa mwepesi hapo na mzito tairi zikiwa chini, rudi kwenye pampu. Hakikisha pia hozi mbili hazikupishanishwa wakati wa kufunga boksi. Hozi ya kurudisha oili haikutengenezwa kwa presha kubwa na inaweza kuchomoka kwa kishindo.

Jambo moja la usalama liingie hapa. Reshio ikitoka 20:1 kwenda 15:1, nguvu unayohitaji pawa ikikatika inapanda kwa theluthi. Kabla ya kulitoa gari barabarani, tafuta uwanja mtupu, kwa mwendo wa kutembea, zima injini bila kuchomoa ufunguo wala kufunga kufuli la usukani, na ujaribu kugeuza. Breki nazo zitakuwa nzito, jiandae. Kama wewe, au yeyote mwingine anayeliendesha gari hilo, hawezi kuligeuza hivyo, reshio hiyo ni ya haraka kupita kiasi kwenu.

Baada ya kona usukani haurudi wenyewe

Kasta ndogo ndiyo ya kwanza, na imeshaelezwa. Ya pili ni skrubu iliyokazwa sana. Ya tatu ni shafti ya usukani iliyopindishwa pembe mbaya ili ifike kwenye boksi jipya. Viungo vya shafti vikiwa na pembe kali, usukani unakuwa mzito na mwepesi kwa zamu ndani ya mzunguko mmoja. Ukihisi zamu hizo, usipake grisi ukatarajia nafuu. Pembe zenyewe ndizo za kurekebishwa, na kazi hiyo ni ya mtu aliyewahi kuifanya.

Gari linageuka vizuri upande mmoja, upande wa pili linakataa

Karibu kila mara boksi halikuwekwa katikati, au dropamu imefungwa jino moja pembeni. Dropamu nyingi zina jino pana linalozuia kosa hilo. Iwapo yako haina, weka alama kwa patasi kabla ya kuitoa. Itoe kwa pula (kifaa cha kuvutia), usiigonge kwa nyundo. Pigo la nyundo hupanda hadi kwenye gololi na kuchimba vishimo kwenye njia yake, na hutaviona mpaka usukani uanze kukwaruza.

Angalia pia kinachosimamisha tairi mwishoni. Vizuizi viko kwenye magurudumu, na ndivyo vinavyotakiwa kugusa kwanza. Dropamu ndefu inaweza kufanya boksi lifike mwisho wake wa ndani kabla au kusukuma tairodi kupita mpaka wake. Inua mbele, geuza mwisho kabisa kila upande, na uone kwa macho kizuizi kinagusa na hozi ya breki haivutwi wala kusuguliwa na tairi. Na ukiendesha, usishikilie usukani mwisho kabisa zaidi ya sekunde tano.

Mlio, povu, na oili iliyobadilika rangi

Mlio mkali wa mara moja unapogeuza mwisho kabisa ni mkanda. Mlio wa kuunguruma unaopanda na injini, pamoja na povu mtungini, ni hewa. Baada ya kubadilisha boksi, hewa hubaki ndani kwa sababu mtu amewasha injini mapema. Njia salama: mbele juu ya steni, injini imezimwa, jaza mtungi, geuza mwisho hadi mwisho polepole mara 20 hivi huku mwenzako akiongeza oili kila inaposhuka. Acha ipumzike mpaka povu liishe, ndipo uwashe. Povu likirudi siku ya pili, hewa inaingia upande wa kunyonya, mara nyingi kwenye klipu ya mpira iliyolika kwa chumvi. Mpira huo hauvuji oili nje, kwa hiyo watu huuacha.

Oili nyeusi yenye chembe ni mpira wa ndani unaokatika. Imwage yote na usafishe njia. Na soma kifuniko cha mtungi au kitabu kabla ya kujaza. Magari mengi ya zamani hutumia ATF nyekundu, oili ya gia za otomatiki. Citroën za haidroliki za enzi hizo zinataka oili ya kijani ya LHM. Usitie mafuta ya breki kwenye pawa hata kidogo. Huvimbisha sili zote, na dawa yake ni kufungua boksi na pampu upya.

Inavuja

Ifute yote, nyunyiza poda ya mtoto, endesha dakika kumi, tazama poda ilipolowa kwanza, halafu fuata juu kutoka hapo. Klipu ya hozi ya kurudisha ndiyo nyingi, kisha nati za hozi ya presha, kisha sili ya shafti ya dropamu. Sili hiyo ikivuja tena mara tu baada ya kubadilishwa, shafti imelika kwa kutu na sili mpya haitashika.

Usitafute tundu la hozi ya presha kwa mkono injini ikiwa inafanya kazi. Mchirizi mwembamba wa oili yenye presha hiyo unapenya ngozi. Kidonda huonekana kidogo kama sindano na uchungu wake unaweza kuchelewa, lakini ni dharura: nenda hospitali saa ile ile na uwaambie ni oili ya haidroliki iliyoingia.

Mlio wa kugonga kutoka chini, boksi linacheza

Hii ni dalili ya pwani. Hewa ya bahari peke yake inatosha kula chuma, na gari linalopita kila siku njia ya Gongoni na Marereni nyuma ya malori ya chumvi huliwa haraka zaidi. Boksi la pawa huvuta chesisi kwa nguvu kuliko la zamani, na la haraka huvuta zaidi.

Mwenzako ageuze usukani kushoto na kulia, injini ikiwaka na tairi ziko chini. Wewe tazama mahali boksi linapokutana na chesisi, kwa tochi, baada ya kukwaruza tope na rangi kwa brashi ya waya. Ikicheza bolti, kaza kwa spana ya kipimo. Ukiona mstari mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa unaofunguka na kufumba kila anapogeuza, huo ni ufa. Simamisha gari hapo. Lisiendeshwe hata hadi gereji ya jirani, libebwe. Chesisi ya sehemu hiyo huchomelewa na mtu anayejua kuondoa chuma kilichooza na kuweka bamba la nguvu, sio kupaka tone la waya juu ya kutu.

Usukani unajizungusha, au gari linakwenda kinyume

Ukiwasha injini, tairi ziko juu, na usukani ukazunguka wenyewe bila kuguswa, vali ya ndani ya boksi haiko katikati au imekwama. Zima mara moja. Hakuna tiba ya nyumbani wala ya barabarani. Boksi liende kwa mtaalamu lenyewe, likiwa limefungwa vitundu vyake ili mchanga usiingie.

Kugeuza kushoto na gari likaenda kulia kuna sababu moja: boksi la gari la usukani wa kushoto. Spea za Uingereza na Japani ni za usukani wa kulia kama wetu, lakini zinazotoka Dubai, Marekani na Ulaya bara kwa kawaida si hivyo, na kwa macho boksi mbili zinaweza kufanana kabisa. Kabla ya kulipa, lishike mkononi, zungusha shafti ya juu kushoto na utazame dropamu inakwenda upande gani. Fanya vivyo hivyo kwa boksi la zamani likiwa bado kwenye gari. Zikitofautiana, mrudishie muuzaji.

Boksi sahihi likishafungwa, nati ya dropamu ikazwe kwa kipimo cha kitabu na kizuizi chake kipya, na uijulishe kampuni yako ya bima kwamba steringi imebadilishwa. Endesha kwanza ndani ya mji kwa siku chache, kisha ukague tena nati ya dropamu, bolti za boksi, mkanda na kiwango cha oili kabla ya kulipeleka gari safari ya Mombasa.